Ubeti wa vitumbua: uchambuzi wa kisa cha watunzi chipukizi waliojibizana

Majina ya wahusika, miji yao na jina la kundi vimeondolewa. Beti zilizomo humu zimetungwa upya ili mwenyewe asitambulike kwa maneno yake, lakini makosa yameachwa pale pale yalipokuwa.

Usuli

Kundi hili ni la WhatsApp, lina watunzi kama 140. Wengi wako Tanzania bara na pwani ya Kenya, wachache Unguja, na wawili watatu wanafanya kazi Ghuba. Humo mna walimu, madereva, wanafunzi wa vyuo, makarani na mafundi cherehani. Hakuna aishiye kwa ushairi. Mashairi huanza kumiminika baada ya isha, watu wakishatulia, na siku ya kawaida hupandishwa kati ya 8 na 12.

Wasimamizi ni watatu. Kanuni zao zilikuwa za kawaida: siasa marufuku, matangazo ya biashara marufuku, usinakili shairi la mtu ukalifanya lako. Kuhusu namna ya kusoma shairi la mwenzio hapakuwa na neno. Ilidhaniwa kwamba anayejua kutunga anajua kusoma, na dhana hiyo ndiyo mzizi wa kisa chote.

Desturi iliyokuwepo ilikuwa na sura mbili. Wengi walijibu kila shairi kwa "Kongole malenga", "Mashallah", "Kalamu yako isikauke", pamoja na maua na miale ya moto. Wachache, hasa wakongwe, walikaa kimya juma zima, kisha wakashuka na shairi kali la kumrekebisha mtu. Baina ya sifa tupu na rungu hapakuwa na kitu.

Kilichotokea

Mtunzi mgeni, aliyekuwa kimya kwa wiki tatu, alipandisha shairi la beti tano la tarbia, yaani lenye mishororo minne kila ubeti. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

*Alfajiri ya mapema, mama yuko jikoni,*
*Unga wake aupima, kwa kikombe mkononi,*
*Mafuta yanachemka, moshi wajaa machoni,*
*Vitumbua vya mama, vilinilipia ada.*

Usiku ule alipata majibu 17. Yote yalikuwa ya kongole na maua. Hakuna hata moja lililotaja kikombe, moshi wala ada. Mbali na hayo, mwanachama mmoja alimshauri aachane na vina aandike huru, kwa kuwa dunia imebadilika. Ushauri huo nao haukuwa wa kulisoma shairi. Mgeni alichagua tarbia kwa hiari yake, na anayemwambia aiache hajamsaidia kuifanya vizuri.

Asubuhi, mkongwe mmoja anayeheshimika sana kundini akashusha ubeti huu:

*Mtunzi nakueleza, mizani yako ni mbovu,*
*Vina umevipuuza, umevitia makovu,*
*Bora ukae kuuza, vitumbua kwa werevu,*
*Ushairi una ngazi, hupandi kwa kurukia.*

Kabla ya adhuhuri mambo yalikuwa yamechafuka. Waliocheka waliweka alama za kucheka. Wawili walimjibu mkongwe kwa beti za kumkejeli umri wake. Mmoja akamtetea kwa methali ya mgema akisifiwa. Katikati ya zogo wanachama wawili walijaribu kumsaidia mgeni kwa kumhesabia mizani, yaani silabi. Wa kwanza akasema mshororo wa kwanza una mizani 15, wa pili akasema una 16 na hauna tatizo, na wao nao wakaanza kuzozana. Mgeni aliandika sentensi moja tu ya nathari, kwamba ameleta shairi la mama yake na si mama yake, akanyamaza. Jioni wanachama wanne walikuwa wamejitoa.

Siku ya pili usiku mtunzi mwingine, asiye mkongwe wala mgeni, alipandisha ubeti mmoja bila kutaja ugomvi:

*Shairi lako nasoma, harufu yasogelea,*
*Na mimi ninaye mama, kwa mihogo katulea,*
*Nauliza kwa heshima, macho moshi yazoea?*
*Vitumbua na mihogo, vimetusomesha sote.*

Baada ya siku mbili mgeni akajibu:

*Macho hayajazoea, moshi ni moshi daima,*
*Kwa leso ajipepea, ageuka akihema,*
*Kila nikisogelea, "Kasome!" ndivyo husema,*
*Vitumbua vyake mama, vilinilipia ada.*

Ubeti huu umekamilika. Vipande vyote vinane vina mizani 8 kila kimoja, vina havikuyumba, na hata kituo, yaani mshororo wa mwisho, kilichokuwa pungufu kimekaa sawa. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha mgeni kosa lolote kwa namna inayoeleweka. Hilo ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa.

Makosa yenyewe yalikuwa yapi

Kwanza tulitazame shairi lenyewe, kwa sababu katika zogo lote hakuna aliyelitazama.

Mshororo wa kwanza: ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, ni *a-l-fa-ji-ri-ya-ma-pe-ma*, mizani 9. Utao, kipande cha pili, ni *ma-ma-yu-ko-ji-ko-ni*, mizani 7. Jumla 16. Hapa ndipo chipukizi wengi hujikwaa: huhesabu mshororo mzima kwa vidole, wakifika 16 hufurahi, ilhali sikio halisikii jumla, husikia vipande. Ukighani utasikia pumzi inakatika mahali pasipo pake, halafu kipande cha pili kinabidi kivutwe ili kijaze.

Waliozozana kuhusu 15 na 16 kila mmoja alikuwa na hoja. Katika mapokeo ya watunzi wengi, konsonanti isiyofuatwa na irabu hupewa mizani yake: *la-b-da* ni mizani 3, *ma-k-ta-ba* ni 4, na kwa hiyo *a-l-fa-ji-ri* ni 5. Wengine husoma *al* kwa pigo moja wakapata 4. Kumtupia mgeni mabishano hayo ni kumtwisha mzigo usio wake. Njia fupi ni kulikwepa neno lenye utata: *Bado giza la mapema* ina mizani 8 kwa hesabu ya kila mtu. Asiyetaka kuiacha alfajiri anaweza kufuta *ya*, akabaki na *Alfajiri mapema*, 8 kwa hesabu ya kwanza. Utao nao hutengenezwa kwa kugusa neno moja: *mamangu yuko jikoni*.

Mshororo wa pili hauna ila, na ndio mzuri kuliko yote. Mama anayepima unga kwa kikombe si mama wa kila shairi. Ni mtu unayemwona. Katika majibu 17 na beti zote za kejeli, hakuna aliyemwambia mgeni hivyo.

Mshororo wa tatu una mizani kamili, ila kina cha kati kimehama: *mapema* na *aupima* vinaishia na *ma*, *yanachemka* inaishia na *ka*. Rekebisho moja linalowezekana ni *Mafuta yanapochoma*. Mizani inabaki 8, kina kinarudi, na maana inasogea kidogo, kutoka mafuta yanayotokota hadi mafuta yanayorukia mikono. Mtunzi ndiye wa kuamua kama anaukubali msogeo huo. Anayerekebisha shairi la mwenzake lazima aseme kwamba maana imesogea, asiifiche ndani ya kina.

Kituo: *vi-tu-mbu-a-vya-ma-ma* ni mizani 7. Kwa kuwa kilikuwa kibwagizo, kosa lile lilirudiwa mara 5 katika shairi zima, na huenda ndilo lililomchukiza mkongwe. Silabi moja inatosha: *vyake* mahali pa *vya*.

Kwa hiyo makosa ni manne, yote ya silabi moja moja au neno moja. Mtu mwenye subira angeyaeleza kwa dakika tano.

Maamuzi ya wasimamizi na sababu zao

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufunga kundi kwa saa 24, wasimamizi pekee wakiweza kuandika. Sababu yao: beti za kejeli zilikuwa zinazaana kila nusu saa, na katika simu ubeti mmoja ukishashika moto hakuna anayerudi nyuma kusoma ulianzia wapi.

Wa pili ulikuwa kupiga simu kwa mgeni na kwa mkongwe, kila mmoja peke yake, badala ya kuwaandikia. Mgeni alikuwa keshaandaa maneno ya kuaga. Aliulizwa swali moja, kama angependa shairi lake lisomwe mshororo kwa mshororo. Alisema atafikiri.

Mkongwe alijitetea kwa mapokeo, na utetezi wake una uzito. Malenga wa Mombasa na wa Lamu walirushiana beti mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji akiwa mmoja wao, na hakuna aliyewaambia walegeze maneno. Enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, wasomaji walituma mashairi yao kwa mhariri, na kujibiwa hadharani kwa beti hakukuwa jambo geni. Msimamizi alimjibu kwamba malumbano huwa baina ya watu walioingia uwanjani wakijua ni uwanja. Anayelumbana hutupa fumbo au changamoto, na mwenzake hulipokea akijua ameitwa. Mgeni hakumwita mtu.

Wa tatu ulikuwa kuuacha ubeti wa mkongwe usifutwe, kwa hoja kwamba ushairi haufutwi. Tutaurudia.

Wa nne ulikuwa utaratibu mpya, ulioanza kundi lilipofunguliwa. Mtunzi anaandika neno moja juu ya shairi lake. *Pokea*: someni, sihitaji sahihisho. *Jibu*: nakaribisha beti za kujibizana juu ya maudhui. *Karakana*: nataka lipimwe. Asiyeandika neno huhesabiwa amesema *Pokea*.

Kanuni za karakana ziliandikwa hivi, na zinafaa kunukuliwa karibu zilivyo. Sahihisho huandikwa kwa nathari, si kwa shairi. Huanza kwa kunakili mshororo mmoja uliofanikiwa na kusema umefanikiwa kwa nini. Halafu hutaja makosa yasiyozidi mawili, kila moja kwa anwani yake kamili, ubeti wa ngapi, mshororo wa ngapi, ukwapi au utao, pamoja na silabi zilizokatwa kwa vistari. Pendekezo likiwepo, liseme maana imebadilika wapi. Shairi la karakana lisizidi beti 3, kwa kuwa beti 7 hakuna anayezipima zote.

Yaliongezwa mambo mawili ya kiufundi ambayo mwanzoni yalionekana madogo. Kioo cha simu ni chembamba, na mshororo wa mizani 16 huvunjika popote, kina cha mwisho kikaanguka mstari wa chini ambako jicho halikioni. Ikaamuliwa kwamba kwenye karakana kila kipande kikae mstari wake, na silabi ya kina iwekwe kati ya nyota mbili ili ikolee. Pili, anayeweza arekodi sauti akighani ubeti mmoja. Mizani pungufu hujificha kwenye maandishi lakini husikika: mghani hulazimika kuvuta irabu, *vya maaama*, na mwenye shairi hujisikia mwenyewe akivuta. Ghani la ubeti mmoja halizidi nusu dakika.

Kuna pia suala la kibodi ya simu inayojisahihisha. Neno la kishairi lililofupishwa, kama *kajitwika* au *meniambia*, hubadilishwa na kibodi likawa neno jingine lenye silabi zaidi. Baadhi ya makosa ya mizani yaliyolaumiwa kundini hayakuwa ya mtunzi kabisa. Kanuni ikawa: kabla ya kutaja kosa la mizani, muulize mwenyewe kama ndivyo alivyoandika.

Matokeo

Mgeni alibaki. Baada ya ule ubeti wa kujibu aliliandika upya shairi lote, akaliweka chini ya neno *Karakana*, na akakubali rekebisho moja kati ya mawili aliyopewa. *Yanapochoma* alilikataa kwa sababu mama yake hajawahi kuunguzwa na mafuta, akatafuta lake.

Waliojitoa walikuwa wanne. Wawili walirudi mwezi uliofuata.

Mkongwe hakuomba radhi na hakutoka. Kwenye karakana haingii, akisema hawezi kuandika nathari ndefu kwa kidole, lakini hujibu mashairi ya *Jibu*, na hapo ni hodari kuliko wote. Kundi lilimpoteza mpimaji, likabaki na mjibuji.

Idadi ya mashairi kwa siku ilishuka, wastani 5 au 6. Kongole na maua hazikuisha, ila zilipungua kwenye mashairi ya *Jibu* na *Karakana*, kwa kuwa aliyetoa kongole tupu alionekana hajasoma neno lililo juu.

Jaribio moja lilianguka. Wasimamizi walitaka kila anayepandisha shairi kwanza atoe maoni kwa mashairi mawili ya wenzake. Ndani ya siku chache watu walikuwa wakiandika maoni mawili ya maneno matatu matatu, kama anayelipa nauli, kisha wakapandisha lao. Sharti likabadilishwa: si lazima maoni mawili, ila oni lolote linakili angalau mshororo mmoja. Hapo ndipo lilipoanza kufaa, kwa sababu ili unakili mshororo lazima urudi usome.

Uchambuzi

*Kwa nini ubeti wa mkongwe ulishindwa.* Wengi kundini walisema ulikuwa mkali mno. Ukali si jibu la kutosha. Ubeti ule una mizani 64, zote zimekaa mahali pake, na katika 64 hizo hakuna hata moja inayosema kosa liko wapi. "Mizani yako ni mbovu" ni hukumu isiyo na anwani. Mgeni aliyetaka kutii asingejua aanzie wapi.

Na hili si kosa la mkongwe peke yake, limo katika umbo. Jaribu kusema ndani ya kipande cha mizani 8 kwamba ukwapi wa mshororo wa kwanza una mizani 9 na utao wake una 7. Haiingii. Kipande kinakataa tarakimu na anwani, kinataka picha. Mtunzi mwenye kipaji akibanwa hivyo huacha maelezo akashika picha, na picha iliyo karibu naye ni ile iliyomo katika shairi analolisahihisha. Ndiyo maana mkongwe alifikia vitumbua. Inaaminika kabisa kwamba hakukusudia kumgusa mama wa mtu. Alikuwa anatafuta kina cha *za* na cha *vu*, na vitumbua vilikuwa pale. Sahihisho lolote likiandikwa kwa shairi litaelekea huko huko, liandikwe na mpole au na mkali.

*Kwa nini ubeti wa siku ya pili ulifaulu.* Uangalie kwa karibu. Mtunzi wake amechukua kina cha kati cha mgeni, *ma*, akakishika mishororo mitatu bila kukiacha: *nasoma, mama, heshima*. Hakusema "kina chako kimehama". Amekitembeza tu mbele ya macho yake. Amechukua pia picha ya moshi machoni, ambayo katika shairi la mgeni ilipita haraka, akaigeuza swali. Swali linadai jibu, na jibu halikuweza kuwa "asante sana". Ilibidi mgeni arudi jikoni kwa mama yake atazame tena. Alichokiona safari hii ni leso, kugeuka na kuhema, mambo ambayo hayakuwemo kwenye shairi la kwanza.

Tazama pia vina vya jibu la mgeni. Amechukua *ea*, kina cha mwisho cha mwenzake, akakifanya cha kati, na *ma* akakipeleka mwisho. Hakuna aliyemwagiza. Mtu anayejibu shairi hulazimika kuhesabu la mwenzake kabla ya lake, na katika kuhesabu huko mizani humwingia. Kituo chake kilijisahihisha kwa namna hiyo hiyo: alikiona *Vitumbua na mihogo* kimejaa mizani 8 mahali ambapo chake kilikuwa na 7.

Jibu la kishairi, basi, ni kifaa cha kufundisha chenye nguvu, kwa sharti moja, kwamba lijibu kilichosemwa na si namna kilivyosemwa. Namna ilivyosemwa ipelekwe kwenye nathari, ambako kuna nafasi ya vistari, tarakimu na neno "labda". Utaratibu wa maneno matatu ulifanikiwa hasa kwa sababu ulitenganisha kazi hizo mbili. Neno la juu ya shairi lilimlinda mgeni dhidi ya matusi kidogo tu. Faida yake kubwa ilikuwa kumwambia msomaji ashike kalamu ipi.

*Majibu 17 ya kongole.* Wasimamizi waliyaona kama mema yaliyoharibiwa na ubaya wa mkongwe. Hoja hiyo ina kasoro. Majibu 17 yasiyotaja neno hata moja humwambia mtunzi kwamba shairi limeonekana na halikusomwa. Wakati ubeti wa mkongwe unafika, ulikuwa jibu la kwanza lenye dalili ya kusoma, kwa kuwa angalau ulitaja vitumbua. Ndiyo maana uliuma kiasi kile. Kama mtu mmoja tu usiku ule angeandika "hicho kikombe cha unga nimekiona", ubeti wa asubuhi ungekuwa wa pili, na pigo lake lingekuwa dogo.

*Kuhesabiana hadharani.* Wawili waliozozana juu ya 15 na 16 walikuwa na nia njema kuliko watu wote wa siku ile, na walimchanganya mgeni kuliko mkongwe. Palipo na mapokeo mawili ya kuhesabu, mpimaji aseme kwanza anatumia lipi. Kundi halijaafikiana juu ya konsonanti isiyo na irabu na pengine halina haja. Siku hizi mwenye shairi la karakana huandika mwenyewe: "nahesabu *l* peke yake" au "sihesabu".

*Kutofuta.* Uamuzi wa kuuacha ubeti wa mkongwe haukuwa sahihi. Hoja ya kwamba ushairi haufutwi inafaa kwa diwani na gazeti, si kwa mahali ambapo kila anayejibu ubeti huunukuu na kuuleta tena chini. Kwa siku kadhaa kila aliyetaka kuuliza "kulikoni?" aliuleta upya, na mgeni akausoma upya. Ingetosha kumwomba mwenyewe auondoe mshororo wa tatu. Mishororo mitatu iliyobaki ni ukosoaji mkavu, lakini hakuna mzazi wa mtu ndani yake.

*Kufunga kundi.* Kulisaidia kuliko ilivyotarajiwa, na si kwa sababu ya adhabu. Ubeti wa siku ya pili ulitungwa wakati kundi limefungwa. Ubeti wa kujibu kwa makini huchukua saa kadhaa, kejeli huchukua dakika 5, na mahali palipo wazi muda wote wenye kejeli ndio wanaofika kwanza. Wasimamizi hawakulipanga hilo, ila baadaye waliligeuza kuwa kanuni: shairi lenye neno *Jibu* halijibiwi kwa beti kabla ya muda wa saa 12 kupita tangu lipandishwe. Nathari fupi ya kusema umelipokea inaruhusiwa mara moja.

Lililobaki

Wanaoandika *Karakana* juu ya mashairi yao ni wageni karibu wote. Wakongwe huandika *Jibu* au hawaandiki kitu. Matokeo yake neno hilo limeanza kunuka uanagenzi, na tayari wapo chipukizi wanaolikwepa ili wasionekane wadogo, wakabaki na makosa yao yale yale ya kituo yanayorudiwa beti 5. Wasimamizi wameshauriwa kumwomba kila mkongwe alete ubeti mmoja wa karakana kwa mwezi, ubeti wenye sehemu inayomkera yeye mwenyewe. Wawili wamekubali. Mkongwe wa kisa hiki amesema ataleta ikiwa atakayempima ni yule mtunzi wa mihogo.